Anayerudia Siye Mgonjwa: Kusaka Makosa Kwenye Daraja la Redio

Chukua zahanati iliyo kilomita 6 kutoka ofisi kuu ya wilaya. Mkongo haujafika huko, kwa hiyo kila upande umesimamishwa mlingoti, na juu ya kila mlingoti kuna redio yenye antena inayotazamana na mwenzake. Hilo ndilo daraja. Linabeba mfumo wa kusajili wagonjwa, barua pepe na simu za ndani, na watumiaji wengi hawajui hata kama lipo. Wanajua siku linapoumwa: ukurasa wa usajili unazunguka bila kufunguka, sauti ya simu inakatikakatika, na fundi akifungua skrini ya redio anaona ishara ni nzuri, lakini kaunta ya makosa ya utumaji inapanda kila akiitazama.

Hapo hufuata mambo matatu yaliyozoeleka. Redio inazimwa na kuwashwa. Nguvu ya kurusha inaongezwa hadi mwisho. Kisha mtu anapanda mlingoti ulio karibu, kwa sababu ndio ulio karibu. Yote matatu yanaweza kula siku nzima bila matokeo, na sababu ni moja: kaunta ya makosa ya utumaji haielezi hali ya pale ilipo. Mara nyingi inaeleza hali ya upande wa pili.

Kosa linahesabiwa wapi

Redio nyingi za aina hii hufuata kanuni za familia ya 802.11, zile zile za Wi-Fi ya nyumbani. Data hukatwa vipande viitwavyo fremu, na kila fremu hubeba mkiani namba ya uhakiki iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Mpokeaji hukokotoa upya. Namba zikilingana, hurudisha fremu fupi ya uthibitisho. Zisipolingana, hukaa kimya.

Mtumaji aliyenyimwa jibu hana njia ya kujua kilichotokea. Huenda fremu iliharibika njiani. Huenda mpokeaji alizidiwa na kelele. Huenda fremu ilifika salama na uthibitisho ndio uliopotea wakati wa kurudi. Anachojua ni kwamba hakujibiwa, kwa hiyo anarudia, mara nyingi kwa mwendo wa chini zaidi. Akirudia mara kadhaa bila jibu, anaitupa fremu ile na kaunta yake inaongezeka.

Ukimpigia simu mtu aliyesimama kando ya mashine ya kusaga unga, wewe uliye chumbani kwenye utulivu ndiye utakayerudia maneno. Mtu akihesabu marudio atayakuta kwako, ilhali kelele iko mashineni. Redio ni hivyo hivyo. Marudio yakiwa mengi kwenye redio ya ofisi, cha kuchunguza kwanza ni usikivu wa redio ya zahanati: kelele iliyopo kule, antena ya kule, viunganishi vya kule. Iwapo shaka ni uthibitisho unaopotea wakati wa kurudi, tazama kaunta ya zahanati. Kama ofisi ndiyo isiyosikia, basi zahanati nayo itakuwa inarudia sana inapotuma kuja ofisini. Kaunta mbili zikisomwa pamoja hutoa jibu ambalo kaunta moja haiwezi kulitoa.

Kuna jambo la pili linalotokana na utaratibu huu. Kwa kuwa redio hurudia kimyakimya, makosa ya angani hujitokeza kwanza kama ucheleweshaji, na upotevu huja baadaye. Ukipima safari ya kwenda na kurudi kwenye daraja lenye afya utaona milisekunde 1, 2, 2, 3. Kwenye daraja linaloumwa utaona 2, 38, 5, 91, na bado hakuna pakiti iliyopotea. Fundi anayetazama asilimia ya upotevu peke yake atasema daraja ni zima. Mtumiaji wa simu anayeongea juu yake atakuwa na maoni mengine.

Upotevu halisi ukianza, hata kidogo, madhara yake ni makubwa kuliko unavyotarajia. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walionyesha kwamba kasi ya TCP, itifaki inayobeba kurasa na mafaili mengi, hushuka kadiri muda wa safari unavyorefuka na kadiri kipeuo cha pili cha upotevu kinavyokua. Kwa pakiti za ukubwa wa kawaida na safari ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, upotevu wa asilimia 1 huibana TCP ya mtindo wa zamani kwenye takriban megabiti 1.4 kwa sekunde kwa upakuaji mmoja, hata kama daraja lina uwezo wa megabiti 100. Ndiyo maana malalamiko ya "intaneti iko polepole" yanaweza kuwa kweli wakati grafu inaonyesha daraja halijajaa hata robo.

Anza chini kabla ya kupanda juu

Kikulacho ki nguoni mwako. Kabla ya kuilaumu anga, thibitisha kwamba kosa haliko kwenye waya uliomo ndani ya jengo lenu. Pima kwa hatua: kutoka kompyuta hadi redio iliyo karibu, kisha hadi redio ya mbali, kisha hadi swichi iliyo nyuma ya redio ya mbali. Hatua ambayo vipimo vinaharibika kwa mara ya kwanza ndiyo inayostahili muda wako.

Tofauti kubwa kati ya waya na anga ni hii: redio hurudia fremu iliyoharibika, Etheneti hairudii. Poti ya swichi ikipokea fremu yenye namba ya uhakiki isiyolingana, inaitupa na kunyamaza. Kwa hiyo makosa machache ya waya huumiza kuliko makosa mengi ya redio. Fungua kaunta za poti zote mbili, ya redio na ya swichi. Makosa ya uhakiki yakiongezeka hapo, hata moja moja kila dakika, mlingoti hauna hatia bado.

Vipimo vidogo hudanganya hapa. Tuseme kebo mbovu inaharibu biti moja katika kila biti 100,000. Fremu ndogo ya baiti 64 ina biti 512, na nafasi yake ya kuharibika ni takriban nusu ya asilimia moja. Fremu kamili ya baiti 1,500 ina biti 12,000, na nafasi yake ya kuharibika ni zaidi ya asilimia 11. Programu ya ping ikiachwa kama ilivyo hutuma pakiti ndogo, kwa hiyo utaiona ikipita vizuri wakati mafaili yanakwama. Pima kwa pakiti kubwa. Ukitaja ukubwa wa baiti 1,472 na kukataza kukatwa vipande, vichwa vya itifaki vitaongeza 28 na kufikisha 1,500, kiwango cha kawaida cha Etheneti. Ndogo zikipita zote na kubwa zikipotea baadhi, shuku waya au anga yenye kelele. Kubwa zikigoma zote bila hata moja kupita, shuku mpangilio: kuna kifaa njiani kilichowekewa kikomo cha chini ya 1,500.

Chanzo kimoja cha makosa ya waya hakihusiani na ubovu wa kebo kabisa. Poti moja imewekwa kwa mkono kwenye megabiti 100 za kutuma na kupokea kwa pamoja, na poti ya pili imeachwa ijipange yenyewe. Poti inayojipanga, isipopata mwenzake wa kujadiliana naye, hujishusha kwenye utaratibu wa zamu, ama kutuma ama kupokea. Kiungo kinawaka, ping inapita, lakini mzigo ukiongezeka upande wa zamu unaonyesha migongano iliyochelewa na upande wa pili unaonyesha makosa ya uhakiki. Dawa ni kuziacha poti zote mbili zijipange, au kuzifunga zote mbili kwa mpangilio mmoja.

Kebo yenyewe ina mengi ya kusema. Etheneti imewekewa kikomo cha mita 100, na mlingoti mrefu pamoja na mzunguko wa ndani ya jengo hufika huko upesi. Kebo za bei nafuu za alumini iliyopakwa shaba zina ukinzani wa takriban mara moja na nusu ya shaba tupu, na kwa kuwa umeme wa redio hupanda kwenye kebo hiyo hiyo ya data, volti zinazofika juu hupungua. Redio hiyo itawaka na kuonekana nzima, kisha ikianza kurusha kwa nguvu inazimika au kujiwasha upya. Ukanda wa pwani una adui mwingine, hewa ya chumvi inayoingiza kutu kwenye vichwa vya kebo ambavyo havikufungwa vizuri. Na kebo ya ndani iliyotumiwa nje hupasuka ganda kwa jua, halafu mvua ikaingia na kuteremka nayo hadi kwenye poti.

Hesabu ishara uliyostahili kupata

Waya ukiwa safi, sasa panda. Swali la kwanza la anga ni hili: ishara uliyo nayo ndiyo uliyostahili? Watu wengi huangalia rangi ya kijani kwenye skrini na kuridhika. Hesabu yake ni rahisi. Kwenye masafa ya gigahezi 5.8, umbali wa kilomita 6 hupunguza ishara kwa desibeli 123 hivi katika anga tupu. Redio ikirusha kwa dBm 13 na antena za pande zote mbili zikiongeza desibeli 23 kila moja, jibu ni 13 na 46 kutoa 123, yaani takriban -64 dBm. Jumla ya redio na antena ya upande mmoja hapo ni dBm 36, sawa na wati 4. Kikomo kinachoruhusiwa hutofautiana kati ya nchi na nchi na kati ya masafa, na huhesabiwa kwa jumla hiyo, si kwa redio peke yake.

Skrini ikionyesha kati ya -63 na -67, antena zimetazamana na njia iko wazi. Ikionyesha -78, kuna desibeli 14 zilizopotea na lazima ujue zimekwenda wapi. Huenda antena imelengwa kwa mwale wa pembeni badala ya mwale mkuu: ishara inapanda ukiizungusha, inafika kilele, inashuka, na fundi anakaza boliti akidhani amefika, kumbe kilele halisi kiko nyuzi kadhaa mbele. Zungusha hadi ukutane na vilele vyote, ndipo uchague. Redio nyingi hutumia milia miwili ya wimbi (polarization), wa wima na wa mlalo, na skrini huonyesha ishara ya kila mmoja. Ikiwa mmoja uko -64 na mwingine -75, kulenga si tatizo. Tafuta kiunganishi kilicholegea au kilichoingia maji kwenye ule ulio dhaifu.

Na huenda njia haiko wazi kama macho yanavyoona. Mawimbi ya redio huhitaji nafasi inayouzunguka mstari wa macho, inayoitwa ukanda wa Fresnel, kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Augustin-Jean Fresnel. Katikati ya kilomita 6 kwenye gigahezi 5.8, nusu-kipenyo cha ukanda huo ni mita 8.8, na mafundi huhakikisha angalau asilimia 60 yake, mita 5.3, iko huru. Mwembe ambao kilele chake kiko mita 2 chini ya mstari wa macho hauzuii kuonana, lakini unakula ishara. Na mwembe hukua. Daraja lililofungwa kiangazi na kupimwa vizuri linaweza kuumwa baada ya masika mawili bila mtu kugusa chochote.

Nguvu si dawa ya kelele

Swali la pili ni kelele, na hapa ndipo kitufe cha nguvu huponza watu. Mpokeaji hahitaji ishara kubwa peke yake. Anahitaji pengo kati ya ishara na kelele. Kwenye chaneli ya megahezi 20 isiyo na mtu, redio ya kawaida huona kelele ya karibu -95 dBm. Ishara ya -64 inaipa pengo la desibeli 31. Mwendo wa chini kabisa wa 802.11 hutosheka na desibeli chache, miendo ya juu inahitaji kama 25, na ile ya juu kabisa hupita 30.

Sasa jirani wa zahanati amefunga daraja lake kwenye chaneli hiyo hiyo, na kelele ya upande huo imepanda hadi -80. Pengo limebaki 16, na miendo yote ya juu inashindwa. Ishara kwenye skrini haijabadilika hata kidogo, bado ni -64. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, na pengo linakuwa 19. Ukihamia chaneli tulivu unapata 10 au 15 bila kuongeza hata miliwati. Zaidi ya hayo, redio ikisukumwa hadi mwisho wa nguvu zake hupotosha mawimbi yake yenyewe, na miendo ya juu ndiyo inayoumia kwanza kwa upotofu huo. Ndiyo maana watengenezaji huweka kwenye karatasi zao nguvu ndogo zaidi kwa miendo ya kasi. Kuna madaraja yaliyopona kwa kupunguzwa nguvu, hasa yale ya mita mia chache ambako mpokeaji alikuwa anafurikishwa.

Kelele ni ya mahali. Uchunguzi wa chaneli uliofanywa ofisini hausemi lolote kuhusu zahanati, kwa hiyo lazima ufanywe pande zote mbili, na chaneli ichaguliwe kwa faida ya upande ulio na hali mbaya zaidi. Kumbuka tu kwamba redio nyingi hukata kiungo zinapochunguza anga. Ukiwa ofisini na kuiamuru redio ya zahanati ichunguze au ihame chaneli, uwe na uhakika itarudi yenyewe, la sivyo kuna safari ya kilomita 6 inakusubiri.

Upana wa chaneli nao ni kelele unayojiletea mwenyewe. Kutoka megahezi 20 hadi 80, redio hukusanya kelele mara nne zaidi, desibeli 6, na inajitandaza juu ya majirani wengi zaidi. Daraja la zahanati linalohitaji megabiti 30 halina sababu ya kukaa kwenye megahezi 80 na kurudia fremu usiku kucha. Kulirudisha kwenye 20 na kuweka kikomo cha mwendo wa juu hufanya namba kubwa ya kwenye skrini ipungue na kasi anayoiona mtumiaji iongezeke.

Uthibitisho uliochelewa

Kuna hali inayowachanganya hata wazoefu: ishara nzuri, kelele ndogo, pande zote mbili, na bado marudio ni mengi usiku na mchana bila kupanda wala kushuka. Hapo angalia mpangilio wa umbali.

Mtumaji husubiri uthibitisho kwa muda maalumu tu. Mawimbi husafiri mita 300 kwa mikrosekunde, kwa hiyo kilomita 6 ni mikrosekunde 20 kwenda na 20 kurudi. Kanuni za Wi-Fi zilitungwa kwa ajili ya majengo. Nafasi yake ya wakati ya kawaida ni mikrosekunde 9, ambazo hutosha kwenda na kurudi umbali wa kilomita 1.35 pekee. Redio isipoambiwa umbali halisi, inakata tamaa na kurudia fremu wakati uthibitisho uko njiani. Fremu ya kwanza ilifika salama. Ya pili nayo inafika, mpokeaji anaitambua kuwa nakala na kuitupa. Nusu ya muda wa anga inapotea kwa kazi iliyokwisha kufanywa. Weka umbali wa kweli na nyongeza kidogo, na marudio yatashuka papo hapo. Ukiweka umbali mkubwa mno, kosa ni la kinyume chake: kila fremu iliyopotea kweli itasubiriwa kupita kiasi.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana Venezuela mwaka 2007, Ermanno Pietrosemoli na wenzake walipounganisha vilele vya El Águila na Platillón, umbali wa kilomita 382, kwa vifaa vya Wi-Fi. Kwa umbali huo safari ya kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 2.5, na kusubiri uthibitisho wa fremu moja moja hakuwezekani kwa kasi ya maana. Watafiti wa kundi la TIER la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wamebadilisha programu ya redio ili pande mbili zigawane muda kwa zamu na kuthibitisha fremu nyingi kwa mkupuo. Kiungo kilipitisha takriban megabiti 3 kwa sekunde kila upande. Redio nyingi za madaraja zinazouzwa leo zina utaratibu wa zamu wa namna hiyo, na kwa njia ya kilomita kadhaa ni vema kuutumia.

Soma kalenda ya kosa

Kosa linalokuja na kuondoka lina ratiba, na ratiba hiyo mara nyingi ndiyo jina lake. Weka grafu ya ishara, kelele na marudio kwa wiki mbili kabla ya kubadilisha kitu.

Likija kila jioni na kelele ikipanda nalo, ni majirani waliorudi nyumbani na kuwasha mitandao yao. Likija jioni na kelele ikabaki pale pale, angalia mzigo wenu wenyewe. Likija alfajiri tu kwenye kituo cha sola, pima volti za betri kabla ya kutafuta sababu za anga. Likija na upepo, mlingoti au mkono wa antena unacheza. Antena ya mwale mwembamba wa nyuzi 5 au 6 haina uvumilivu na mlingoti uliolegea kamba. Kiungo kikikatika kwa dakika moja hivi kisha kikarudi kwenye chaneli nyingine, redio huenda imesikia rada, kwani sehemu ya masafa ya gigahezi 5 hutumiwa na rada na kanuni huitaka redio iwapishe, kisha isikilize chaneli mpya kwa sekunde 60 au zaidi kabla ya kurusha.

Mvua inahitaji jicho makini. Kwenye gigahezi 5, matone ya mvua hula ishara kidogo kwa njia fupi. Kwenye gigahezi 60 mvua kubwa hula makumi ya desibeli kwa kilomita. Kwa hiyo daraja la gigahezi 60 likidondoka mvua inaponyesha na kurudi ikikatika, limefanya lilivyoumbwa. Daraja la gigahezi 5 likidondoka mvua inaponyesha na kubaki chini saa nyingi baada ya jua kutoka, maji yameingia kwenye kiunganishi na yanakauka polepole.

Kwa watu wa pwani na visiwa kuna ratiba moja ambayo mwongozo wa kifaa hautaitaja. Kosa linatokea mara mbili kwa siku, na kila siku linasogea mbele kwa kama dakika 50. Binadamu hawana ratiba hiyo, wala jua. Bahari inayo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa mwendo wa mwezi, na kwenye pwani yetu tofauti hupita mita 3 wakati wa bamvua.

Bahari huathiri redio kwa kuwa uso wa maji hurudisha mawimbi kama kioo. Mpokeaji hupata ishara mbili, iliyonyooka na iliyogonga maji, na ya pili imetembea njia ndefu kidogo. Chukua antena mbili zilizo mita 20 juu ya maji yaliyokupwa, kilomita 10 kati yao. Kwa hesabu ya haraka isiyojali mzingo wa dunia, njia ya kupitia majini ni ndefu kwa sentimita 8, karibu urefu wa wimbi mara moja na nusu, na kwa jinsi maji yanavyogeuza wimbi, ishara mbili zinasaidiana. Maji yakijaa mita 3.5, kimo cha antena juu ya maji kinakuwa mita 16.5, tofauti inashuka hadi sentimita 5.4, na wimbi la gigahezi 5.8 lina urefu wa sentimita 5.2. Sasa ishara mbili zinakaribia kufutana. Daraja lililokuwa zima asubuhi linadondoka adhuhuri, kesho yake linadondoka baadaye kidogo, na kwenye maji mafu linaweza kupona wiki nzima bila dawa.

Kuongeza nguvu hapo hakufai, kwa sababu ishara zote mbili zinaongezeka sawasawa na kufutana sawasawa. Kinachofaa ni kuvunja hesabu ya njia hizo mbili. Shusha antena ya upande mmoja ili pale mawimbi yanapogonga pasogee kutoka majini hadi nchi kavu yenye miti. Au rudisha antena nyuma ya ukingo wa paa ili ukingo ufiche maji bila kuuficha mlingoti wa pili. Au weka antena mbili kwa vimo tofauti, ili moja ikiwa kwenye shimo nyingine iwe nje yake.

Umeme, na daftari

Makosa mengine hayatoki angani wala kwenye kebo. TIER hao hao walijenga madaraja ya kuunganisha hospitali ya macho ya Aravind iliyoko Theni, Tamil Nadu nchini India, na vituo vyake vya vijijini. Sonesh Surana na wenzake walipochapisha mwaka 2008 walichojifunza kwa kuviendesha viungo hivyo, umeme mbovu ulikuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya hitilafu: volti zinazoruka na kushuka, zikiua vifaa au kuviacha katika hali ya nusu uzima. Redio ya namna hiyo huonyesha usikivu uliopungua bila sababu. Ukikuta ishara ya kwenda na ya kurudi zinatofautiana kwa desibeli nyingi wakati redio, antena na nguvu ni sawa pande zote, badilisha redio moja na upime tena kabla ya kugusa antena.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na upime kila upande peke yake: kwanza kwa mkondo wa UDP, itifaki isiyorudia kilichopotea, wa kasi iliyopangwa ili uone upotevu ulivyo, kisha kwa TCP ili uone anachokiona mtumiaji. Ukibadilisha chaneli, upana na nguvu kwa mpigo, daraja linaweza kupona na usijue lilipona kwa nini, na likiugua tena utaanza sifuri.

Kila kiungo kiwe na ukurasa wake kwenye daftari, ulioandikwa siku kilipofungwa na kikiwa na afya: ishara ya kila mlia pande zote mbili, kelele pande zote mbili, asilimia ya marudio pande zote mbili, chaneli na upana wake, umbali uliowekwa, hali ya poti za waya, volti zinazofika juu, na kasi ya kwenda na ya kurudi. Ni kazi ya nusu saa. Anayesimamia mradi asisaini malipo ya ufungaji kabla ukurasa huo haujajazwa, kwa sababu fundi atakayeitwa miaka mitatu baadaye na kukuta -71 kwenye skrini hatakuwa na njia nyingine ya kujua kama huo ni ugonjwa au ndivyo kiungo kilivyozaliwa.